Shule ya Tano kwa Kumi

Rosalind Tibbs ameuza nyumba Elmhaven, kiunga cha Cleveland katika jimbo la Ohio, Marekani, kwa muda mrefu hata sasa anawauzia watoto wa wateja wake wa kwanza. Ni mjane asiyetaka kuhurumiwa, mwenye kicheko kikubwa, na kila Jumapili akitoka kanisani hupika makaroni ya jibini ya kutosha mtaa mzima. Wahenga walisema chema chajiuza. Wahenga hawakuwahi kuuza nyumba Ohio.

Swali linalomkera ni moja, na kila mteja huja nalo: "Shule ya hapa nzuri?" Miiko ya kazi haimruhusu kujibu. Zamani madalali walilitumia jibu hilo kuwapeleka weusi huku na weupe kule, na watu hawajasahau. Basi Rosalind hutabasamu na kusema, "Nenda ukajionee." Wachache huenda. Wengi huchungulia alama za shule kwenye simu, wakaona sekondari ya Elmhaven imepewa tano kwa kumi, na ya Stonebrook, ng'ambo ya barabara kuu, imepewa tisa. Hao hugeuza gari. Roho humuuma, maana yeye mwenyewe alisoma Elmhaven na akamsomesha binti yake pale pale, pamoja na watoto wa Kiyahudi, wa Kiitaliano, wa Kinepali na weusi wenzao.

Mwaka huu swali lililetwa na huyo binti. Corinne alikuwa anarudi kutoka Chicago na mumewe na mtoto wao Joelle, aliyekuwa anaingia sekondari. Rosalind alishawapatia nyumba mtaa wa pili kutoka kwake, na moyoni alishaanza kumpikia mjukuu chakula cha jioni.

"Tunakwenda Stonebrook, Mama."

"Stonebrook! Si mtakuwa mnaniona Krismasi kwa Krismasi?"

"Usinifanyie mdomo wa kidalali. Elmhaven nzuri au si nzuri?"

"Wewe si umesoma pale?"

"Ndiyo maana nauliza."

Hapo Corinne akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Siku yake ya kwanza katika darasa la juu la fizikia, lile la wanafunzi hodari, mwalimu alimsimamisha mlangoni akamuuliza, "Umepotea darasa, binti?" Korido zilijaa watoto wa kila rangi, lakini mle ndani mweusi alikuwa yeye tu. "Mwaka mzima, kila nikiingia nahesabu vichwa. Mmoja. Mimi."

Miaka yote Rosalind ameringia ule mchanganyiko, kumbe ulikuwa unaishia kwenye kizingiti cha darasa. Ilimchoma kwelikweli.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekwenda kumpiga yule mwalimu."

"Tena kwa mkoba huu huu!"

Walicheka, ila Corinne hakubadili nia. Ni Joelle aliyesema mbona yeye haulizwi, na shule anayekwenda ni yeye. Kwa bahati, shule zote mbili humruhusu mgeni kushinda siku moja na mwanafunzi mwenyeji. Wakakubaliana aende kote kuwili.

Kutoka Stonebrook alirudi mapema. "Pazuri. Viti vipya, kila mtu ananitabasamia. Kwenye fizikia nilijibu ovyo, wakaniambia si neno, mimi mgeni."

"Umeona watoto wenye adabu?" Corinne alimwambia mama yake. Uzuri wa mkakasi, ungesema, lakini Rosalind aliuma ulimi. Alijua akishinda kwa maneno, atalaumiwa maisha.

Siku ya Elmhaven walimngoja garini nje ya shule, Corinne kwenye usukani. Kengele ililia, watoto wakamwagika, Joelle hayupo. Alitokea mwisho kabisa akibishana na wasichana wawili, mikono juu, nusura ajigonge kwenye nguzo. Aliingia bila hata salamu.

"Bibi, gololi na pete ya chuma, uzito mmoja, unaziachia pamoja kwenye ubao wa mteremko. Ipi inafika kwanza?"

"Mimi nauza nyumba, mjukuu wangu."

"Mimi nikasema zinafika pamoja. Weee! Walinishukia! Sushmita anasema thibitisha, Keyonna anasema nimeota. Mwalimu katulia tu, anakula tofaa lake. Tukaziachia, gololi ikashinda, na bado sijakubali kwa nini. Wamesema nisirudi bila jibu."

"Hilo ndilo darasa la juu?" Corinne aliuliza taratibu.

"Ndilo."

"Na mlikuwa weusi wangapi mle ndani?"

Joelle alifikiri, akaona haya kidogo, kama mtu aliyesahau kazi aliyotumwa. "Sijui, Mama. Sikuhesabu."

Corinne aligeukia dirishani akalia waziwazi, na Rosalind akamshika bega. Habari ya Stonebrook haikutajwa tena.