Radi ya Kwetu na Kicheko cha Redioni

Mtabiri wa hali ya hewa alikuwa redioni akisimulia jinsi huduma yao ilivyokua, tangu vipimamvua vya bati hadi rada. Nikapiga simu kutoka kwetu Kasense, Sumbawanga. Jana yake radi ilikuwa imeua maksai wote wawili wa kaka yangu, na utabiri ulitaja manyunyu tu.

"Mbona hamtuonyi kuhusu radi?" niliuliza.

"Sumbawanga?" akacheka. "Si huwa mnazituma wenyewe, ndugu yangu?"

Studio nzima ikaangua kicheko.

Nimetangatanga nchi hii, na kila nikitaja kwetu napewa mzaha huo, kwamba sisi ni wachawi wa kutuma radi. Vijiweni nimeuvumilia. Lakini kutoka kwa mtu anayelipwa kutazama mawingu yetu!

Kaka alizima redio, akachukua jembe la mkono, akaenda kulima.