Kombe la Jumamosi

Zablon Obare, mwanafunzi wa mwaka wa pili mjini Homa Bay, alisifika kwa kusawazisha mambo. Wanafunzi wapya walimwendea kumuuliza mtu anawezaje kufanya mazoezi ya chesi kila siku na bado akasoma. Naye aliwaeleza kwa upole: asubuhi chesi, jioni chesi, katikati vitabu. Hakuwaambia kwamba hapo katikati alikuwa akilala. Somo la Takwimu lilikuwa limeshamwangusha mara moja, na lingemwangusha tena angerudia mwaka mzima.

Mtihani wa marudio ukapangwa Jumamosi. Mashindano ya Migori nayo, Jumamosi. Mtu mwingine angelia. Zablon alikumbuka kwamba yeye ni Msabato.

Na kweli ni Msabato wa kuzaliwa, kule Awendo, ambako mama yake Jerusha ni shemasi asiyewasha hata jiko siku hiyo. Chuoni, Msabato akiomba, hutafutiwa siku nyingine ya mtihani. Basi akamwendea mwalimu wa Takwimu, Madam Nyamoita, Msabato mwenzake, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Madam, siku ya Sabato mimi siwezi kushika kalamu."

"Ni vizuri kijana kuwa na msimamo," alisema Madam, macho yakimlainika. "Njoo Jumapili saa tatu. Utaufanya peke yako."

Kalamu hakushika. Alishika farasi na malkia, akawanyoa watu wa Migori mmoja baada ya mwingine. Nahodha wa timu ya chuo, Wesley, Mkatoliki asiye na neno na siku yoyote, alimuuliza, "Omera, ndugu yangu, na Sabato je?"

"Sabato ni ya kupumzika. Chesi si kazi, ni mapumziko. Wewe soma Biblia yako."

Hesabu zake zilikuwa safi. Madam huzima simu Ijumaa jua likizama, na haiwashi mpaka jua la Jumamosi lizame. Alichosahau kuhesabu ni furaha ya Wesley, ambaye alirusha picha kwenye kundi la WhatsApp la chuo, lenye wanafunzi na walimu: Zablon amekumbatia kombe, meno yote nje. "Bingwa wetu leo!"

Jua likazama. Simu ikawashwa.

Jumapili saa tatu Madam alifungua mlango wa ofisi, akamkuta Zablon amesimama nje.

"Hongera, bingwa. Sabato ilikuwa njema?"

"Madam, mimi nilikuwa tu napumzika..."

"Mimi pia leo napumzika. Mtihani ulifanywa jana. Ruhusa nilimpa Msabato. Ukikutana naye, mwambie namsubiri." Akafunga mlango taratibu, kama anayemwonea huruma mlango.

Zablon sasa anarudia mwaka wa pili. Wanafunzi wapya bado wanamwendea kwa ushauri, naye huwaambia kwamba chesi hufundisha subira.

Kombe alilipeleka nyumbani, angalau mtu mmoja afurahi. Mama Jerusha aliligeuzageuza, akauliza lilishindaniwa siku gani. Zablon akatazama miguu yake. Mama hakulivunja, si mtu wa kuharibu vitu. Alilipeleka uani akalijaza maji, na kuku wanalinywea siku zote saba, Sabato ikiwemo.