Mafuta ya Upako Kwenye Kiti cha Mbio

Binti wa dada yangu mtaani wanamwita Risasi, jina ambalo kanisani hatulitaji. Miguu yake ilikataa kazi tangu utotoni, mikono ikaamua kufanya zamu mbili. Alianza mbio kwa kiti cha magurudumu cha hospitali kinacholia kama mlango wa banda la kuku, akawapita wenye viti vya maana. Zawadi yake ya kwanza ilikuwa raba mpya za kukimbilia. Alishukuru kwa adabu, akampa mama yake, naye anazivaa kwenda sokoni mpaka leo.

Baadaye akapata kiti chenyewe cha mbio, kirefu, magurudumu matatu, mtu anapiga magoti ndani yake kama yuko kwenye sala. Hilo lingetutosha, lakini wapi! Kikundi chetu cha maombi kilishikilia jambo moja miaka yote: mtoto ainuke, atembee.

Ukafika mchujo wa Paralimpiki. Wawili wa kwanza wanasafiri; wengine wangoje miaka minne, na umri haungoji mtu. Jioni ya kuamkia siku hiyo kikundi kikajaa sebuleni kwa dada.

"Leo tunataka muujiza," akasema mwenyekiti wetu, mama mmoja fundi cherehani.

"Mama, muujiza usije leo," Risasi akamjibu. "Nikisimama sasa hivi, kesho wananitoa kwenye mchujo."

"Unamfanyia Mungu mzaha?"

"Hapana, mama. Naomba tu uchelewe mpaka Jumatatu."

Tulicheka, mwenyekiti hakucheka. Risasi alipokwenda kulala, mwenyekiti, mama wa watu, akaona heri akipake kiti. Akakipaka mafuta ya upako kwa moyo wote: magurudumu, usukani, na yale maduara ya mpira yanayosukumwa kwa mikono. Tukaitikia amina.

Asubuhi uwanjani, wakati wa kupasha misuli moto, Risasi akasukuma, glovu zikateleza. Akasukuma tena, kiti kimetulia tuli. Akanusa glovu.

"Mama! Nani kapaka kiti changu?"

Dada akanitazama mimi, mimi nikatazama mbinguni.

"Futeni, jamani, wanaitwa!" kocha akapiga kelele.

Dada yangu, ambaye hajapata kuonekana kichwa wazi mbele za watu, akavua kilemba, akakichovya kwenye ndoo ya sabuni ya mfagizi, akapiga magoti akisugua. "Bwana, si kwamba nakataa," alinong'ona. "Ni mpira tu, Bwana, unateleza."

Risasi aliondoka wa mwisho. Akawala mmoja mmoja, akamaliza wa pili kwa upana wa tairi la mbele.

Jumapili mwenyekiti akashuhudia jinsi mafuta yalivyosukuma kiti. Vigelegele! Nikamgusa dada: "Hutasema?"

"Niseme nini? Mtoto anasafiri."

Kiti kikahamia chumbani kwa dada, mlango ukafungwa kwa ufunguo. Kikundi kilipokuja tena na chupa kabla ya safari, dada aliwakaribisha vizuri, akawaandalia chai, akainamisha kichwa, akawaomba wampake yeye.