Kosa Alilobandikwa Mwanaisha

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya themanini, msimamizi wa chumba cha kompyuta aliniambia nivue viatu mlangoni. "Humu hamuingii vumbi," akasema, "wala maneno mengi." Kampuni yetu ya maghala ilikuwa Changamwe, Mombasa, ambako malori hutimua vumbi kutwa, lakini mashine ile ilipewa chumba chenye baridi kuliko ofisi ya mkurugenzi. Nilianza kwa kubadilisha tepu za kuhifadhia data, nikapanda hadi kuwa mwendeshaji mkuu wa mfumo.

Kufika miaka ya tisini tulikuwa na seva, yaani mashine moja inayohudumia skrini za makarani wote. Ndani yake mna kiini, programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu ya mashine: kila programu huazima nafasi, ikimaliza hurudisha. Siku moja makao makuu Nairobi yakatuletea kiini kipya kwenye tepu, pamoja na amri kwamba kiwekwe mara moja. Nikakiweka, cha zamani nikakihifadhi kwa jina jingine kama tulivyofundishwa.

Tangu hapo mashine ikawa inaamka vizuri, alasiri inakwama. Skrini zote kimya, madereva wamejaa dirishani wanatutukana. Tukiizima na kuiwasha inapona. Kesho yale yale. Nilipochunguza, nikakuta kumbukumbu inaisha kidogo kidogo. Hilo huitwa kuvuja: kuna programu inayoazima wala hairudishi, kama jirani aliyechukua masinia ya harusi yakapotelea kwake. Nikamwomba meneja wa tawi tukikague kile kiini.

"Wacha hiyo maneno," akanijibu. "Nairobi walishaijaribu. Ni huyu msichana wa Likoni, anafungua kazi nyingi kwa skrini moja."

Msichana mwenyewe ni Mwanaisha, karani mwenye mikono myepesi kuliko wote, na mshahara wake ndio uliokuwa ukimlisha mamake. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. "Wallahi, Dada Zuhura, mimi nafungua nilichopewa tu," aliniambia akikusanya vitu vyake. Kesho yake mashine ikakwama, naye yuko kwao. Meneja, bila haya, akasema ameacha uchafu wake ndani! Mpaka leo nikiikumbuka kauli hiyo damu hunichemka.

Ijumaa ikaja. Adhuhuri ya Ijumaa ofisi yetu ilibaki tupu, wanaume wameenda msikitini, wengine wako chakulani. Kabla hawajatoka niliwaambia wote wafunge skrini zao. Kisha nikasimamisha programu za kazi moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila inayosimama hulazimika kurudisha ilichoazima. Hakikurudi kitu cha maana. Hapakuwa na karani hata mmoja, na kumbukumbu ilikuwa bado inashuka. Kilichobaki kikifanya kazi mle ndani ni kiini.

Meneja akawa wa kwanza kurudi, nikamwita aje ajionee. Akatazama namba zikishuka kwenye skrini.

"Sasa unataka niambie Nairobi wamekosea?"

"Nataka umwambie Mwanaisha kwamba hakukosa."

Nikarudisha kiini cha zamani bila kungoja ruhusa yake, na tangu siku hiyo mashine haikukwama tena.

Nilimsumbua meneja mpaka akakubali Mwanaisha aitwe. Alikuja na buibui lake, akatuamkia shikamoo sote tuliomzidi umri. Meneja akatabasamu. "Karibu tena. Kampuni imekusamehe."

"Imenisamehe nini?"

"Hayo mambo ya mashine."

"Hayo hayakuwa yangu, bwana meneja. Nikiketi hapa kwa msamaha wenu, nitakuwa nimekiri." Akanigeukia mimi. "Kwaheri, Dada," akatoka.

Sasa nimestaafu. Vijana hunieleza kwamba siku hizi zipo programu za kuwaonyesha penye uvujaji, nami nafurahi kusikia. Ila nasikia pia kwamba mashine ikifa, swali la kwanza bado ni nani alikuwa ameketi pale. Yule meneja alipandishwa cheo akahamia Nairobi. Mwanaisha, mara ya mwisho nilipomwona, alikuwa akiuza vitunguu sokoni Kongowea, na hakuna mtu wa kampuni ile aliyewahi kumwendea amwambie: tulikosea.