Ukuta wa Mama Cherehani

Mama Cherehani alijifunza kushona kwa shangazi yake, mwanamke aliyekuwa na mkono mwepesi kwenye kitambaa na mwepesi zaidi kwenye mashavu ya watu. Alipoolewa alikuja na cherehani yake kichwani na ulimi wake mdomoni, na vyote viwili havijawahi kupata kutu.

Tangu hapo alishonea sebuleni, kwenye meza ya kulia chakula. Chakula kikija, cherehani inashuka. Wageni wakija, inashuka. Mumewe, Mzee Spana, fundi malori aliyestaafu, akitaka kucheza karata na wenzake, inashuka. Cherehani ile ilipanda na kushuka kama ndoo ya kisimani.

Kushona hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kujaribisha. Mwanamke gani atavua gauni sebuleni, mbele ya wazee wanaogombania karata? Basi wateja walijaribia nguo chooni, mguu mmoja sakafuni, mwingine ndani ya beseni. Wengi walikwenda wasirudi. Sasa bibi harusi mmoja, mteja mkubwa kuliko wote aliobaki nao, alikuwa ametamka wazi: "Mama, mara hii sivulii chooni. Nikikuta hakuna mahali, nachukua kitambaa changu."

Na mahali palikuwepo. Mwisho wa sebule ukuta uliingia ndani, ukaacha shubaka kubwa la kutosha kitanda. Aliyejenga nyumba alijua mwenyewe alikuwa anawaza nini. Mzee Spana alikuwa amelijaza betri zilizokufa na redio zinazosubiri kufufuka. Mama Cherehani akataka likatwe kwa ukuta wa mbao: rafu za vitambaa ziwe ndani ya ukuta wenyewe, zitazame sebuleni, na pembeni pawe na mlango mwembamba wa kuingilia chumba cha kujaribia. Alitaka kumwita seremala. Mzee akakasirika.

"Nimeshusha injini za malori miaka yote, leo nishindwe na vijiti?"

Vijiti vilimtoa jasho. Fremu aliiunganisha ikiwa imelala sakafuni, urefu sawasawa na dari. Alipoiinua ili isimame, ikakwama katikati, imeinama kama mlevi anayetafuta funguo. Ikabidi aipunguze. Lakini hatimaye ilisimama. Akapigilia miimo, akapachika rafu katikati yake, akaacha upenyo wa mlango pembeni. Kwa kweli zilipendeza. Mama Cherehani alizipapasa, akakaribia kumsifu.

Siku ya bibi harusi kuja, zilibaki plaiwudi za kuziba mgongo wa rafu. Mzee alisema atazipigilia akiwa upande wa ndani, ili vichwa vya misumari visionekane sebuleni. Akaingia na nyundo yake. Mama Cherehani akachungulia, akaona kitu.

"Baba watoto, kiti chako kinafanya nini humo?"

Kilikuwa kile kiti cha mikono mipana, chenye shimo lililochukua umbo la makalio ya Mzee.

"Kimekaa."

"Nakiona kimekaa. Kwa nini kimekaa humo?"

Mzee akapiga msumari. "Rafu ni zako, mama watoto. Chumba cha nyuma nitasikilizia redio."

Kumbe! Alikiingiza kiti kabla fremu haijasimama, maana alijua hakitapita kwenye upenyo ule. Kikishaingia, nani atakitoa?

"Kwa hiyo mimi nimejengewa kabati!"

"Kabati zuri." Msumari.

"Na wateja wangu?"

"Choo kipo." Msumari.

"We mzee, una haya kweli?"

"Nyumba yangu." Msumari. "Ukuta wangu." Msumari. "Jasho langu!"

Kila neno lilikwenda na msumari wake, ubao baada ya ubao, naye haangalii pengine ila usoni kwa mkewe, mpaka uso wenyewe ukapotea. Nyundo ikanyamaza.

"Mama watoto."

"Abee."

"Uko hapo?"

"Mimi nipo. Wewe ndiyo sijui uko wapi."

Kwa hasira alikuwa amepigilia ubao hata kwenye upenyo wa mlango.

"Ng'oa misumari utoke," mkewe akamwambia.

Nyundo ile ilikuwa ya gereji, butu pande zote mbili. Kugonga inagonga, kung'oa haijui.

"Basi nitaupiga teke."

"Ubao wangu huo! Thubutu!"

Juu, ubao haukufika darini. Palibaki nafasi ya kupita mkono. Mkono wa Mzee ukatokea hapo, umejaa vumbi, unapapasa hewa.

"Nipe msumeno. Uko kwenye kochi."

Mama Cherehani akauchukua msumeno. Akakaa nao.

"Chumba cha nani?"

"Mama watoto, huku kuna joto."

"Sikuulizia hali ya hewa."

"Basi chetu."

"Chetu mimi na nani? Na redio?"

Mlangoni kukasikika sauti ya kike. "Hodi!"

"Karibu, mwanangu, ingia!" Mama Cherehani akajibu. Kisha akageukia ukuta, akashusha sauti. "Amefika. Akiondoka na kitambaa chake, nakuacha humo humo ukae na redio zako, nikuletee uji kwa mpira wa maji."

Bibi harusi akaingia, akaona bibi mzima ameshika msumeno akizungumza na rafu. Akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, mama. Kuna usalama?"

"Marahaba. Upo. Chumba chako cha kujaribia kinamaliziwa."

"Chako!" ukuta ukapiga kelele. "Chumba ni chako! Leta msumeno!"

Mzee Spana alikata kuanzia juu, akafuata mwimo mpaka chini, akaanguka nje pamoja na ubao, fulana imelowa, nywele nyeupe kwa unga wa mbao. Akajikung'uta kwa heshima zote.

"Karibu, mwanangu. Tulikuwa tunapima."

Cherehani ikapita kwenye upenyo kiubavu, bila kukwaruza popote. Kitambaa cheupe kikafuata, na bibi harusi, na pazia likatundikwa mlangoni. Mzee akajaribu kuvuta kiti chake. Kikagoma. Akakigeuza, akakilaza, akakisukuma kwa goti. Kiti hakikupita, kama alivyokusudia mwenyewe.

Siku hizi wateja wanakaa juu yake wakisubiri pindo, wanakisifia. Mzee anacheza karata kwenye kigoda, na mgongo ukimzidi huja mpaka kwenye pazia.

"Hodi. Naomba kukaa kidogo."

"Kuna mtu amevua," Mama Cherehani hujibu, hata kama hakuna.