Kila Mteja na Uzi Wake

Mkokoteni umeshavuka mtaro wa mbele ya duka la kufulia nguo. Juu yake kuna pasi mbili za mkaa, meza iliyofungwa kwa kamba na godoro dogo. Mwanamume mrefu anausukuma kwa mkono mmoja, wa pili ameshika redio. Hageuki.

"Shemeji, hata chai hunywi?" mwanamke anapaza sauti mlangoni.

"Chai ya mwenye mashine inaunguza, shem!"

Mafundi baiskeli wa jirani wanaangua kicheko. Mwanamke huyo, ambaye wateja humwita Mama Povu, hacheki. Anaingia ndani, anakalia mfuko wa sabuni na kutazama lundo la nguo sakafuni. Ni nguo za familia arobaini na moja, na shuka za nyumba moja ya wageni. Hajui ipi ni ya nani.

"Miaka tisa nimekaa mbele napokea watu," anasema. "Kufua na kutia alama ilikuwa kazi ya shemeji. Anashona uzi kidogo kwenye pindo. Ukimuuliza kijani chenye mafundo mawili ni nani, anakwambia huyu mwalimu wa pale kona. Mimi nilikuwa naona nyuzi tu."

Waligombana kwa ajili ya mashine ya kufulia. Mama Povu aliinunua bila kumshauri mdogo huyo wa mume wake, naye akaona ndiyo ameonyeshwa mlango.

"Sikumfukuza," anasema Mama Povu, akivuta vuta ncha ya kanga yake. "Ila na mimi sikumwambia abaki."

Kumfuata shemeji akamsomee zile nyuzi aliona aibu. Akatafuta njia yake: aliandika majina ya wateja kwenye vikaratasi, akavibana kwa pini kwenye kila nguo kwa kukisia, akajaza mashine maji ya moto. Alipofungua, karatasi zilikuwa uji.

"Nilikaa chini."

Asiyeweza kuficha, huanika. Akafunga kamba toka mlangoni hadi kwenye nguzo ya umeme, akatundika kila kitu, akawaita wateja waje wachague. Mtaa ukajaa.

"Hilo gauni langu!" alisema mmoja.

"Lako? Mwili wote huo uupitishe humo?"

"Nilinunua nikiwa mwembamba, wewe inakuuma nini?"

Mwenye nyumba ya wageni, mzee mpole anayetembea na mwavuli hata jua likiwaka, alihesabu shuka zake mara mbili. Moja haikuwepo. Nusu ya kazi ya duka hili ilikuwa yake.

"Binti yangu," alimwambia, "mgeni halali juu ya maelezo. Nakupa wiki mbili. Ikipotea nyingine, nahamia kwa shemeji yako."

Siku ile aliyemwokoa ni bibi mmoja jirani. Wengine wakivutana, yeye alinyoosha mkono akachukua blauzi yake na kuondoka.

"Bibi, umeijuaje?"

"Kifungo nilikishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Kazi ya mkono wangu nitaisahau?"

Mama Povu anasema maneno hayo hayakumtoka kichwani. Kesho yake alianza utaratibu mpya. Mteja anakuja na uzi wake kutoka nyumbani, rangi aitakayo. Kipande kinashonwa kwenye nguo, kipande anarudi nacho. Akija kuchukua, vipande vinalinganishwa. Hakuna wa kukariri chochote.

Wapo waliokasirika. "Yaani nikuletee nguo, nikuletee na uzi? Kesho utasema nije na maji!" Wapo waliopoteza kipande wakasimama wakibishana hadi foleni ikafika barabarani. Mashine nayo imemgomea mara mbili. Kila mara anamwita fundi, anasimama nyuma yake na kuuliza kila anachoshika, hadi fundi amemwambia, "Mama, niache nipumue."

"Nimechelewa kujifunza," anasema. "Nilidhani kumiliki duka ni kulijua."

Sasa anataka kazi ya kufua shuka za mabweni ya shule iliyo karibu. Amekwenda kuomba mara tatu. Hajajibiwa. Akisikia hatua mlangoni, anainuka kabla hajaona ni nani.

Familia ishirini na sita zimerudi. Mwenye nyumba ya wageni alihama siku ya kumi ya zile wiki mbili, baada ya kurudishiwa pazia la mtu mwingine. Ile shuka haijaonekana. Wanawake wawili wa gauni hawasalimiani. Shemeji amefungua chumba cha kufulia mtaa wa pili, naye anawaambia wateja waje na nyuzi zao. Hakuomba ruhusa. Mume wa Mama Povu, dereva wa lori la masafa marefu, anarudi mwisho wa mwezi. Bado hajaambiwa kwamba mdogo wake ameondoka.