Daraja Nililowaahidi Watu wa Kimbo

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na haihusu kazi yangu ya barabara hata kidogo. Nilikuwa mtoto. Mama alinituma kwa shangazi kule Theta nimwambie ng'ombe wetu ni mgonjwa, alete ile dawa yake. Kufika, nikakuta chai na nduma moto. Shangazi akauliza, "Na nyumbani?" Nikasema wote wazima. Sikutaka kuharibu ile chai. Nduma yenyewe, wacha tu, siku hizi hata soko la Thika huipati kama ile. Ng'ombe akafa.

Nilichapwa, lakini tabia haikutoka. Shule niliachia darasa la tatu, ila mdomo nilikuwa nao. Ndiyo maana barabara kubwa ilipokuja kupanuliwa, serikali ikishirikiana na kampuni moja ya kibinafsi, nilichaguliwa niwe nikiwaelezea watu mambo ya mradi. Nikapewa lile koti la kung'aa. Nililivaa hadi kanisani.

Asubuhi ya baraza la watu wetu wa Kimbo, injinia, kijana mpole aliyekonda kwa kazi, aliniambia wazi: "Mzee, daraja la miguu bado. Serikali inasema ni la kampuni, kampuni inasema ni la serikali. Waambie hivyo hivyo." Akaenda mkutano mwingine Ruiru.

Kwa baraza akasimama Kamau, rafiki yangu wa chai ya saa kumi. Hata maziwa ya hiyo chai tulinunua kwake. Ng'ombe wake wawili walikuwa upande wetu, nyasi yao ya napia ng'ambo ya barabara.

"Mimi na mkokoteni wangu tutavukia wapi? Ama mtatupea mabawa?"

Watu wakacheka. Walikuwa wamefurahi, nikashindwa kuwaharibia.

"Daraja liko, Baba Njeri. Na litakuwa na njia ya mkokoteni."

Hiyo ya mkokoteni nilijitungia. Nikapigiwa makofi.

Barabara ni nzuri, sikatai. Mtu wa Membley anafika kazini chai yake haijashuka tumboni. Lakini ua wa kuzuia watu kuvuka uliwekwa katikati, na daraja halikuja. Kamau alizunguka na nyasi yake mbali sana mpaka goti likakataa. Akauza ng'ombe wote wawili.

Sasa wewe, mwanangu, uliyepewa kazi ya kuongea na watu kwa hii miradi, nisikie kabla sijafika mwisho, maana mwisho huwa unanishinda. Jambo ambalo halijaamuliwa, sema halijaamuliwa. Sema nani anamngoja nani. Watakuzomea, ndiyo, lakini watarudi nyumbani wajipange. Mungu akupe moyo wa kuvumilia kuzomewa, na watu wako wasijute kukuamini.

Juma lile alilouza ng'ombe, Kamau alikuja saa kumi kama kawaida. Mke wangu akamwekea chai ya rangi.

"Baba Shiru, siku ile ya baraza, ulijua?"

"Nilijua hawajakubaliana."

"Mimi nilikuwa nimepata shamba la kukodi, la kupanda nyasi, huku upande wetu. Nikalikataa. Nikasema daraja linakuja."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akamwambia mke wangu, "Asante, Mama Shiru," akachukua kofia yake, akafunga geti polepole lisipige kelele. Kikombe kilibaki mezani kimejaa. Hajawahi kurudi.